Namba Inayoishia Arobaini na Moja

Aili Haapala alikuwa na miaka sabini na tisa, meno kumi na tisa ya kwake mwenyewe, na simu ya ukutani ambayo mwanawe Rodney alikuwa akimsihi aikate tangu mwaka juzi. Simu yenyewe ilikuwa ya rangi ya haradali, na waya wake wa msokoto ulifika mpaka kwenye jiko na kurudi, hivyo mtu aliweza kukoroga uji huku anapiga soga. "Mama, hakuna mtu duniani anayetumia hii," Rodney alikuwa akisema. Aili naye humjibu kwamba yeye yumo duniani na anaitumia.

Jumatatu moja ya Aprili, barafu ya ziwa ikiwa bado imeshika lakini imeanza kupiga weusi kandokando, simu hiyo ililia.

"Bi Aili? Mimi Corrine Lindquist, kutoka makao ya wazee ya Misonobari. Nimekupigia kukwambia tu kwamba barua yako ilitugusa sana. Nimewasomea wenzangu wote ofisini."

"Barua gani?"

"Ya Ijumaa. Ile uliyosema nyumba inakutisha tangu mzee afariki. Basi usiwe na wasiwasi, chumba namba kumi na mbili tumeshakipaka rangi. Jumamosi nakuja mwenyewe na Rodney, utie saini, tarehe ishirini unahamia."

Aili alimshukuru, kwa sababu ndivyo watu wa huko walivyo, mtu akikukanyaga unamwomba radhi kwa kuweka mguu wako chini ya wake. Kisha akakata simu, akabaki amesimama na mwiko mkononi.

Hakuwa ameandika barua yoyote. Hakuwa hata na pa kuiandikia. Anwani ya barua pepe waliyokuwa nayo ilikuwa moja, yeye na mumewe Waino, kama walivyokuwa na gari moja na kitanda kimoja. Wazee wote wa kijiji chao cha Salo walikuwa hivyo: jina la mume na la mke yameunganishwa, mume ndiye anayebonyeza, mke anasimama nyuma yake na kumwambia alichokosea. Waino alipokufa mwezi wa Novemba, Rodney aliichukua tableti yao wiki nzima kwenda kuisafisha, akaondoka na daftari la maneno ya siri, na tableti iliporudi, ile picha ya bahasha ya kufungulia barua haikuwepo tena. Matapeli, alisema. Wazee wanalizwa kila siku, mama.

Akampigia Rodney kazini kwake mjini Duluth.

"Mama," Rodney alisema, kwa ile sauti ya upole ambayo mtu humsemesha mbwa mgonjwa, "tuliongea siku ya Pasaka. Ulisema mwenyewe umechoka. Mimi nimeandika tu ulivyosema."

"Sikusema."

"Ulisema, umesahau. Ndiyo maana tunahangaika, mama. Unasahau."

Hapo ndipo palipomuuma. Nyumba ni mbao na misumari, lakini akili ndiyo mwenye nyumba. Na ni kweli Februari aliitafuta miwani yake siku mbili na kuikuta ndani ya friza, juu ya samaki. Siku nzima ile ya Jumatatu alijihoji kama polisi. Siku ya Pasaka tulikula nini? Nyama ya nguruwe. Nani alikaa wapi? Trish, mke wa Rodney, alikaa dirishani, akalalamika jua. Nilisema nini? Nilisema natamani kuona barafu ikiondoka. Alilirudia hilo mara tatu, kila mara likaja vilevile. Basi akaacha kujihoji, akakasirika. Aliendesha basi la shule miaka thelathini na moja kwenye barabara za theluji, watoto sitini wakipiga kelele nyuma yake, na hajawahi kumsahau hata mmoja kituoni. Sasa leo anaambiwa hajui alichotamka kinywani mwake.

Jumatano alikwenda maktaba.

Mardell Zupancich, mkutubi wa Salo, alikuwa mama mnene mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya ziwa, na kila Jumatano baada ya kahawa aliwafundisha wazee mambo ya simu na tableti. Siku hiyo somo lilikuwa kurusha skrini: unachokiona kwenye tableti yako kionekane kwenye televisheni kubwa. "Waifai iwe moja," alipaza sauti. "Weka kidole kule pembeni juu, vuta chini. Tafuta vile vijisanduku viwili vilivyolaliana. Gusa. Chagua televisheni. Itakuonyesha tarakimu nne, ziandike. Basi! Si urubani huu."

Mzee Eino Saari alitaka kurusha mchezo wa hoki. Badala yake ukatokea ukutani mguu wake wa kushoto, ukubwa wa mlango, na fangasi ya vidole ambayo alikuwa ameipiga picha kumtumia daktari.

"Yesu wangu, Eino!" mtu alipiga yowe. "Hicho ni kidole au uyoga?"

"Zimeni! Zimeni!"

"Mmeona?" Mardell alisema, akicheka mpaka miwani ikamshuka. "Ndiyo nawaambia kila siku. Ukirusha, umerusha kila kitu. Televisheni haina siri. Kabla hujagusa, jua kilichomo kwenye kioo chako."

Wengine walicheka, lakini Aili hakucheka. Neno lile lilimwingia akalitia kibindoni.

Watu walipotoka alibaki, akamweleza Mardell yote. Mardell hakusema pole. Alivuta kiti.

"Anwani unaikumbuka?"

"Waino-na-Aili, pamoja."

"Na paswedi?"

"Iko ukutani kwenye sauna."

Mardell hakushangaa. Pale kila nyumba ina kibanda chake cha sauna, cha kuogea kwa mvuke, na kila mzee ana ukuta wake. Waino aliandika kwenye mbao za ndani, kwa penseli ya seremala, tarehe ambayo barafu iliondoka ziwani kila mwaka tangu walipooana. Zilikuwa hamsini na tano. Chini ya orodha, kwa kuwa hakuliamini daftari peke yake, aliandika neno la siri la barua pepe. Aili alilijua kwa moyo kwa sababu amelitazama kila Jumamosi akiwa ametota jasho.

Wakaliandika. Tableti ikakataa.

"Kijana kabadilisha," Mardell alisema. Akagusa pale palipoandikwa *Umesahau nenosiri?* Yakatokea machaguo mawili: tukutumie namba ya kuthibitisha kwenye simu inayoishia na kumi na nane, au tukupigie kwenye simu inayoishia na arobaini na moja.

"Kumi na nane ni ya Rodney," Aili alisema. Kisha akaweka kidole kwenye kioo. "Arobaini na moja ni yangu. Ya ukutani."

Mardell akapiga meza. "Baba wa watu! Waino aliandikisha simu ya ukutani!"

"Hakuwa na nyingine."

"Na kijana kaongeza yake, akasahau kuifuta ya babake. Mdharau mwiba, Bi Aili. Sasa sikiliza. Hapa hatuwezi, maana simu italia jikoni kwako hakuna mtu. Utafanya nyumbani. Gusa arobaini na moja, si kumi na nane. Ukigusa kumi na nane umempigia mwizi kengele. Mashine itakupigia na kukutajia tarakimu sita. Ukishaingia, weka paswedi mpya, futa kumi na nane, chagua kuondoa vifaa vyote vingine. Lakini ukimaliza tu, simu yake itamtupa nje na atajua. Kwa hiyo chagua saa yako."

"Jumamosi wanakuja. Ni saa mbili na nusu njiani kutoka Duluth."

"Si atasoma simu njiani?"

"Rodney? Akiwa kwenye usukani hagusi simu. Hilo nilimtia mimi mwenyewe, kwa kofi."

Jumamosi ni siku ya sauna, ije mvua lije jua. Aili alibeba kuni za mbetula tangu asubuhi, mizigo minne, akazipanga kwenye jiko la kibandani bila kuziwasha. Kisha akaketi jikoni, tableti mbele yake, kadi ya maelekezo ya Mardell kando, akitazama mlango kama anayetaka kuiba. Akagusa arobaini na moja.

Simu ikalia ukutani papo hapo. Ingawa ndiye aliyeiita, alishtuka.

Sauti ya mwanamke wa mashine ilimtajia tarakimu sita kama mtu anayekimbilia chakula chake kisiungue. Aliandika nne, mbili zikampita. Mashine ikarudia, zikampata zote. Bahasha ikafunguka.

Barua zilizotumwa zilikuwa kumi na moja, na chini ya kila moja jina lake. Alizisoma polepole, moja moja, kwa sababu alitaka kujua mtu huyu anayeitwa Aili ni mtu wa namna gani. Alikuwa bibi kizee mnyonge sana. *Nyumba hii inanitisha tangu Waino aende. Siku nyingine sijui ni siku gani. Sauna ibomolewe tu, mimi siwezi tena kubeba kuni.* Aili aliinusa mikono yake, bado ilikuwa na harufu ya mbetula.

Kisha akaona zilizoingia. Lempi, shoga yake wa ujana aliyehamia Thunder Bay, alikuwa ameandika mara tano tangu mazishi. Ya tano ilisema, kama nimekukosea niambie. Na chini yake jibu: *Aili anapumzika, hapokei wageni kwa sasa.* Miezi mitano Aili alikuwa akidhani Lempi amemtupa. Alilia hapo, kwa sauti, pale pale mezani. Kisha akanawa uso kwa maji ya baridi, akaweka neno jipya la siri, akafuta kumi na nane, akaondoa vifaa vyote vingine kama alivyoelekezwa, akaweka kahawa jikoni na kuukata mkate wa iliki. Wageni ni wageni.

Walifika saa saba mchana: Rodney, mwanamume mkubwa mwenye mabega ya babake na haraka za watu wa mjini; Trish nyuma yake na kisanduku cha keki ya dukani; na Corrine Lindquist, mama nadhifu mwenye mkoba wa ngozi na uso wa huruma ya kazini.

"Bi Aili! Hatimaye!"

"Karibuni. Vueni viatu, sakafu imepigwa deki."

Rodney alimbusu kichwani, akaenda moja kwa moja kwenye televisheni, ile kubwa aliyomletea mwenyewe Krismasi. "Kabla ya makaratasi, mama, Corrine ana video ya chumba chako. Nairusha hapa uone. Kuna hata ndege kwenye kizimba."

"Ngoja kwanza," Aili alisema. "Nianze mimi."

"Uanze nini?"

"Kurusha."

Rodney akacheka, si kwa ubaya, na hilo ndilo lililozidi kuudhi. "Mama, rimoti yenyewe unaniita kwa simu."

"Kaa chini, Rodney. Kunywa kahawa."

Akaketi. Mtu aliyelelewa na dereva wa basi, akiambiwa kaa chini, anakaa chini kwanza halafu ndiyo anajiuliza kwa nini. Aili alivuta kutoka pembeni juu kwenda chini, akatafuta vijisanduku viwili vilivyolaliana, akagusa. Televisheni ikaonyesha tarakimu nne, akaziandika kwa kidole kimoja. Mara ukuta mzima wa sebule ukawa bahasha na barua, herufi ukubwa wa kiganja, na juu kabisa: Waino na Aili.

Trish aliweka kikombe chini.

"Mama," Rodney alisema. "Umeingiaje humo?"

"Corrine," Aili alisema, "nisomee hii. Miwani yangu ilikuwa friza."

Corrine alisoma kwa sauti, maana aliombwa na alikuwa mtu wa adabu: nyumba inanitisha, sijui ni siku gani. Alipofika kwenye kuni sauti ilimpungua. Akatazama dirishani, kwenye njia ya theluji iliyopasuliwa kwa nyayo, kwenda na kurudi kibandani, na magome ya mbetula yaliyodondoka njia nzima.

"Hii si barua yako," alisema.

"Kumi na moja zote si zangu."

"Rodney, mimi nilidhani..." Trish alianza.

"Basi nisikilizeni na mimi!" Rodney alisimama, uso umemwiva. "Nimefanya vibaya, sawa. Lakini nani aliyemkuta baba amekufa pale gatini? Wewe, peke yako, na mimi niko huko Duluth. Kila simu ikilia nadhani ni wewe. Kila ikikaa kimya nadhani ni wewe! Ningekuuliza ungesema nini?"

"Ningesema hapana."

"Si ndiyo hayo!"

"Ndiyo hayo. Hapana ni jibu, Rodney. Ulilisikia kabla sijalisema ukaamua kulinunulia herufi nyingine." Aliweka tableti mezani. "Kuogopa, ogopa, wewe ni mwanangu, na mimi nilikuogopea miaka kumi na minane usiku na mchana. Lakini umenichukulia Lempi. Na umeniambia nasahau. Wiki nzima hii nimekuwa nikijitazama kama kichaa. Nyumba ningekusamehe haraka. Hilo la kichwa changu, itakubidi ungoje."

Rodney akaketi tena.

Aili akarudi kwenye tableti. Akafungua barua mpya, na wote watatu wakatazama ukutani kidole chake kikitafuta herufi, moja, halafu nyingine, kikikosea na kufuta na kukosea tena. Hakuna aliyethubutu kumsaidia. *Kwa Corrine Lindquist. Siji. Zile hakuandika Aili. Hii ameandika Aili. Tarehe ishirini barafu itakuwa bado haijaondoka, na mimi ndiye nitakayeandika ukutani siku itakapoondoka. Chumba kumi na mbili mpe anayekitaka. Rangi na iwe heri kwake.*

Akagusa mshale. Ndani ya mkoba wa ngozi simu ya Corrine ikalia ting.

Corrine aliitoa, akaisoma yote, ingawa alikuwa ameshaisoma ikizaliwa. Kisha akayakusanya makaratasi yake ya saini, akayagonga mezani yakae sawa, akayarudisha mkobani. "Nimeipata, Bi Aili," alisema. "Na barua za mwanzo nazifuta ofisini mimi mwenyewe. Naomba kipande kingine cha mkate huu."

"Natoka nje kidogo," Rodney alisema. "Nipate hewa."

Mlango ukabamizwa nyuma yake. Trish alimmiminia mama mkwe wake kahawa, jambo ambalo hakuwahi kulifanya katika miaka ishirini na miwili ya ndoa, na akasema bila kuinua macho, "Sikujua kuhusu Lempi." Aili alimwamini. Alimsogezea mkate.

Ndipo simu ikalia ukutani.

Aili aliinuka, akaiweka sikioni. Sauti ya mwanamke wa mashine, yule yule mwenye haraka zake: namba yako ya kuthibitisha ni hii. Aili akageukia dirisha. Nje, Rodney alikuwa ameketi ndani ya gari lililozimwa, kichwa kimeinamia kitu kilichomulika kidevu chake. Alikuwa akijaribu kurudi ndani ya bahasha. Kumi na nane haikuwepo tena, na kwa hasira au kwa mazoea alibonyeza ile moja iliyobaki, bila kufikiri ni namba gani, yeye aliyefundishwa kuikariri akiwa na miaka mitano asije akapotea.

Aili akafungua mlango wa jikoni. Waya wa msokoto ukanyooka nyuma yake, ukavuka meza, ukavuka jiko, ukafika kizingitini na kubaki na nafasi ya kiganja. Akaita kama alivyokuwa akimwita kutoka ziwani, akiwa mtoto wa meno ya mbele hayajaota:

"Rodney! Simu yako!"

Rodney aliinua kichwa. Alimwona mama yake mlangoni na mkono wa simu ya haradali umenyooshwa kwake, akaelewa. Alishuka garini polepole, akaja mpaka kwenye ngazi, akasimama hapo na mikono yake mikubwa haina pa kukaa. Kutoka kwenye simu mashine ilikuwa bado inasema, sauti nyembamba kama ya mbu.

Aili akabonyeza kitufe cha kukatia kwenye mkono wa simu, sauti ikafa.

"Ametaja tarakimu sita," alimwambia. "Mara moja tu nimezisikia, na zote ninazo hapa kichwani." Akamwonyesha kibanda kwa kidevu. "Sizisemi. Nenda ukawashe sauna, kuni nimeshapanga."